Mvua ya Jumatatu

Mmeniomba niwaandikie maneno ya kuwatia moyo, nyinyi wanafunzi wa sayansi mnaoanza wiki zenu kumi za utafiti wa likizo ndefu. Barua yenu ilisema ati nieleze siri ya miaka mingi ya kazi nzuri. Nilipomsomea mke wangu Wambui sentensi hiyo, alicheka mpaka akaweka sufuria chini. Yeye anaijua siri yenyewe. Sasa na nyinyi mtaijua, maana nimestaafu na sina cheo cha kupoteza.

Jina langu ni Njoroge. Kazini waliniita Mzee Njoroge hata kabla sijaota mvi, nadhani ni kwa sababu ya mwendo wangu. Nilikuwa msoma vipimo katika kituo cha utafiti wa mahindi, nje kidogo ya mji wa Kitale. Kila siku saa tatu kamili asubuhi nilisoma joto, nikasoma upepo, halafu nikasoma kipimo cha mvua. Kama hujawahi kukiona kipimo cha mvua, usitarajie makubwa. Ni mkebe wa bati uliosimamishwa kwenye nyasi, juu una faneli, ndani una chupa. Unamimina maji ya chupa kwenye gilasi nyembamba yenye mistari, unasoma ni milimita ngapi, unaandika kwenye daftari, unamwaga maji, unaenda kunywa chai. Lazima mtu awe na kipaji cha pekee ndiyo ashindwe na kazi kama hiyo. Mimi kipaji hicho ninacho.

Siku yangu ya kwanza nilimwaga kwanza, nikapima baadaye. Nilitaka kumwonyesha Mzee Barasa, aliyekuwa ananifundisha, kwamba mimi ni mtu wa usafi. Nikaona maji machafu yana mdudu ndani, nikayarusha kwenye ua, nikapangusa chupa, halafu nikamwambia, "Mzee, leo hakuna kitu." Barasa aliangalia nyasi zilizolowa, akaangalia viatu vyangu vilivyolowa, akasema, "Njoroge, kuna kitu. Umekirusha." Basi. Alichukua kalamu ya risasi akaandika kwenye daftari: haikusomwa, kosa la mfanyakazi mpya. Nikamwuliza kama hawezi kukadiria tu, aandike kama kumi hivi, ili ukurasa usionekane mbaya. Aliniangalia kama nimemwomba aibe ng'ombe. "Ukurasa wacha uonekane mbaya," akasema. Hayo maneno mtayaona tena mbele.

Huyo Barasa ndiye aliyenifundisha kutumia kalamu ya risasi, kwa sababu wino ukilowa unakimbia na kazi yako inakimbia nayo. Ndiye aliyenifundisha pia kupiga goti. Gilasi inasomwa jicho likiwa sawasawa na maji, na mstari ni ule wa chini pale maji yanapobonyea katikati. Ukisoma ukiwa umesimama, unaangalia kutoka juu, unaongeza. Mimi nilikuwa nimeshonewa suruali mpya na nyasi za Kitale asubuhi zina umande wa kuoshea gari. Kwa hiyo miaka miwili ya kwanza, Barasa akigeuka tu, nilisoma nikiwa nimesimama. Ukikuta katika vitabu kwamba Kitale ilipata mvua ya ziada kidogo miaka ile, hiyo ziada ilitoka kwa fundi nguo wangu.

Lakini hayo ni makosa ya ujana. Kosa lenyewe nililifanya nikiwa mtu mzima, mwenye watoto, Barasa akiwa ameshastaafu na mimi nikiwa ndiye mkubwa wa mkebe.

Kanisani kwetu mjini walinichagua kuwa mwalimu wa kwaya. Sauti yangu si nzuri, lakini niko mrefu, kwaya yote inaniona. Ibada ilianza saa tatu. Kipimo cha mvua, kama nilivyosema, ni saa tatu. Kutoka kituoni hadi kanisani kwa baiskeli ni nusu saa kama huna upepo usoni. Jumapili ya kwanza nilisoma kipimo, nikapiga pedali, nikafika nikitota jasho na wimbo wa kwanza ukiwa umeshaharibika, sauti ya tatu inaimba wimbo mwingine kabisa. Mchungaji aliniangalia wakati wote wa mahubiri. Jumapili ya pili sikwenda kituoni. Niliandika sifuri.

Mtasema, si ungesoma mapema, saa moja na nusu, halafu uandike hivyo hivyo, saa moja na nusu? Ningeweza. Lakini kanuni ilisema saa tatu, na mimi ni mtu wa kuheshimu kanuni, niliona haya kuandika saa moja na nusu. Kuandika uongo sikuona haya. Msinihoji juu ya hilo, nimejihoji mwenyewe vya kutosha.

Nilijitetea hivi. Maji ya Jumapili yanabaki ndani ya chupa. Jumatatu nikisoma, nasoma ya siku mbili. Hakuna tone linalopotea. Jumla ya mwezi ni ile ile, na wakubwa wetu walikuwa hawaangalii kitu kingine isipokuwa jumla ya mwezi. Nilijiona mjanja sana. Baada ya mwaka mmoja nilikuwa nikifungua ukurasa mpya wa mwezi, naangalia kalenda ya ukutani, naweka sifuri za Jumapili zote kabla hata mwezi haujaanza. Nilikuwa najua hali ya hewa ya mbele kuliko redio. Na miaka ikaenda hivyo, zaidi ya kumi.

Wakati huo ndipo tulipoanza kuletewa wanafunzi wa likizo, wenzenu wa kwanza. Wanatoka chuo kikuu, wamefadhiliwa, kila mmoja anapewa msimamizi na wiki kumi za kujibu swali moja. Wiki ya mwisho anasimama mbele ya jopo la wakubwa anaeleza alichokipata. Wengine walikuja na gambuti safi hata bei haijabanduliwa. Mmoja aliniuliza mahindi yanatoa maua upande gani. Mimi niliwapenda. Niliwafundisha kupiga goti, kushika kalamu ya risasi, kumsalimia askari wa geti kwa jina kwa sababu yeye ndiye anayejua kila kitu kinachotokea kituoni usiku. Niliwafundisha pia, kwa sauti ya Barasa kabisa, kwamba data ni kitu cha kuheshimiwa. Nilisema hivyo nikiwa na sifuri za mwezi mzima mfukoni. Haya.

Halafu akaja Nekesa.

Alikuwa mwaka wa pili, msichana mdogo wa mwili, mwenye daftari lililofungwa kwa mpira. Kwao ni Malakisi, upande wa Bungoma, wazazi wake wakulima wa tumbaku na mahindi kidogo. Alinikuta kwenye nyasi akasema, "Sasa Mzee," kama anayemsalimia rafiki wa rika lake, halafu akakumbuka yuko kazini, akasema, "Habari ya asubuhi." Nikajua tutaelewana.

Swali lake lilitoka nyumbani. Mwaka mmoja mama yake alipanda mahindi mara tatu. Mvua inakuja, watu wanapanda, mvua inakatika siku kadhaa, mbegu inakufa, wanatafuta mbegu nyingine. Nekesa alitaka kujua, mvua za kwanza zikishanyesha, ni siku ngapi kavu mfululizo huwa zinafuata huku Kitale na kule Bungoma, ili mtu ajue kama apande au angoje. Jumla ya mwezi haikumsaidia. Alihitaji siku moja moja. Alihitaji madaftari yangu.

Nilimletea mwenyewe, kwa toroli. Nilikuwa najivunia mwandiko.

Aliyanakili kwenye kompyuta siku baada ya siku, katika chumba kidogo karibu na stoo. Wiki ya tatu alikuja kunitafuta.

"Mzee, Kitale Jumapili hainyeshi."

"Hm?"

"Si unaona? Miaka yote hii. Jumapili ni sifuri, halafu Jumatatu inamwagika mara mbili. Nimeangalia namba za Bungoma, huko Jumapili ni siku kama siku zingine."

Nikachukua kitambaa nikaanza kupangusa kioo cha kipimajoto kilichokuwa safi.

"Jumapili nani husoma?" akauliza.

"Mimi."

"Kila Jumapili?"

"Kila Jumapili," nikasema.

Ningekomea hapo ingekuwa uongo wa kawaida. Lakini nilimwona amekunja uso anafikiria, nikaona nimsaidie. Nikamwambia kwa sauti ya mtaalamu kwamba Jumapili malori ya mahindi hayapiti barabara hii, kwa hiyo vumbi linapungua, na mawingu yanahitaji vumbi ili maji yapate kitu cha kushikilia.

"Hata msimu wa mvua kuna vumbi?"

"Vumbi la juu," nikasema, nikaonyesha mbinguni kwa kidole.

Aliandika. Nilimwona kwa macho yangu akiandika "vumbi la juu" kwenye daftari lake na kupiga mstari chini yake. Jumamosi, Jumapili na Jumatatu iliyofuata alikaa kwenye kona ya barabara na mwavuli akihesabu malori. Nilipita Jumapili na baiskeli yangu, nimebeba joho la kwaya, akanipungia mkono. Nami nikampungia. Nilikwenda nikaimbisha watu nyimbo za toba.

Msimamizi wake, Daktari Simiyu, alikuwa mtu mkali lakini si mtu mbaya. Kwanza alimwambia Nekesa kwamba amekosea kunakili, arudie yote. Alirudia. Kazi hiyo ilikula karibu wiki mbili katika zile kumi. Nilikuwa nampelekea chai saa nne na mandazi mawili badala ya moja, nikidhani dhamiri inaweza kulipwa kwa mandazi. Yeye alinishukuru kila siku. Sifuri zikabaki pale pale.

Ijumaa moja Simiyu akaniita ofisini nilete madaftari yenyewe. Nekesa alikuwa amesimama mbele ya meza. Simiyu aliweka karatasi mbili kando kwa kando.

"Bungoma Jumapili inanyesha. Kitale hainyeshi. Sasa Mungu amechora mpaka pale Kiminini, katikati yetu na wao?"

Nekesa akajaribu kueleza mambo ya malori. Alieleza vizuri sana. Alikuwa hata na mchoro. Nilikuwa nimeshika madaftari kifuani nikitamani sakafu ifunguke.

"Nani amekufundisha huu upuzi wa vumbi la juu?" Simiyu akauliza.

Nilingoja jina langu. Msichana hakuniangalia hata kidogo. Akasema, "Nilifikiria mwenyewe, Daktari."

Simiyu akavua miwani, madaftari niliyoshika hakuyafungua hata moja, alikuwa ameshaamua. Akamwambia kwamba mtu akikosea mara mbili mahali pamoja, na kila mara kosa liangukie siku ile ile, hiyo si bahati mbaya, ni kupika namba. Kwamba Jumatatu atatuma barua kwa wafadhili, ufadhili wake usimamishwe, arudi nyumbani. Na kwamba mwanafunzi aliyesimamishwa kwa kupika data asitarajie mtu mwingine atamfungulia mlango. Nekesa alisema tu, "Sijapika, Daktari." Akatoka.

Mnangoja niwaambie kwamba nilisema hapo hapo. Sikusema. Nilirudisha madaftari stoo, nikayapanga vizuri kwa mwaka. Bado kidogo nistaafu, na jina langu lilikuwa limependekezwa kwa cheti cha utumishi bora. Wambui alikuwa ameshachagua ukuta wa kukitundika. Nilikuwa mwoga, nisiwafiche. Jumamosi nilishinda nyumbani nikitengeneza kiti ambacho hakikuwa kimevunjika.

Jumapili nilikwenda kanisani. Wingu lilikuwa limeshashuka. Tulipoanza wimbo wa pili mvua ikaanguka juu ya mabati, ile ya Kitale isiyo na mchezo, mpaka kwaya haisikiki. Nilikuwa napunga mikono mbele ya watu thelathini wanaofungua midomo bila sauti. Sauti ilikuwa moja tu, ya mabati. Na mimi nikakumbuka kwamba leo ni Jumapili, na kwamba kule kituoni, kwenye daftari, leo tayari imeandikwa sifuri. Niliiandika mwenyewe tarehe moja, kwa mwandiko mzuri.

Nilishusha mikono. Kwaya ikafikiri ni mwisho wa wimbo, ikakaa. Nilitoka kwa mlango wa pembeni na joho langu la kijani, nikachukua baiskeli. Mchungaji alifikiri nimepata simu ya msiba.

Nilifika kituoni maji yakinitoka kwenye masikio. Nekesa alikuwa kwenye veranda ya stoo anafunga vitabu kwenye boksi. Nilipita mbele yake bila salamu, nikaenda kwenye nyasi, nikapiga magoti yote mawili katika matope, nikamimina maji kwenye gilasi. Yalijaa, nikapima mara ya pili na ya tatu na kujumlisha. Thelathini na nne. Nilipogeuka alikuwa amesimama nyuma yangu na mwavuli, ananifunika mimi, yeye analowa.

"Mzee, si unasemanga unasoma saa tatu?"

"Jumapili sijawahi kusoma," nikasema. "Miaka yote. Niko kanisani. Naandika sifuri, halafu Jumatatu nasoma ya siku mbili. Hujakosea kitu. Na vumbi la juu halipo."

Hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali. Akasema, "Mimi niliona. Kuna Jumapili moja umeandika sifuri, na kando yake kwenye maelezo umeandika mvua kubwa, paa la stoo limevuja. Niliiona wiki ya tatu. Ndiyo nikakuja kukuuliza nani husoma."

Nilikuwa nimesahau kabisa ile ya paa.

"Sasa kwa nini hukusema kwa Daktari?"

"Wewe uliniambia unasoma kila Jumapili," akasema. "Nikaona ni mimi nimeelewa vibaya. Nikakuamini wewe, nikaacha kuamini macho yangu."

Vijana, nimetukanwa na watu wengi katika maisha yangu, wengine kwa haki. Hakuna tusi lililoniuma kama hilo, na halikuwa tusi. Nililia pale pale, na kwa sababu nilikuwa nimelowa nilidhani haionekani kwamba nalia. Aliona.

Nilichukua daftari. Nikafuta sifuri ya siku ile, nikaandika: thelathini na nne, saa nne na robo, msomaji amechelewa. Ukurasa ulionekana vibaya kweli.

Jumatatu saa mbili nilikuwa mlangoni kwa Simiyu kabla hajafika. Nilimweleza yote, pamoja na malori. Alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akaniuliza, "Kwa hiyo Ijumaa ulikuwa umesimama hapa na madaftari mkononi?" Nikasema ndiyo. Akachana barua aliyokuwa ameanza kuandika, akachukua karatasi nyingine akaandika barua yangu. Barua ya onyo, iko kwenye faili hadi leo. Cheti kikaenda kwa mtu wa trekta. Alistahili, trekta lake lilikuwa linafanya kazi hata Jumapili.

Nekesa alibaki na wiki nne. Nilidhani atatupa madaftari yangu yote na kutumia ya Bungoma peke yake, na hakuna ambaye angemlaumu. Badala yake alivuta kiti cha pili. "Kaa, Mzee. Tunaanza mwaka wa kwanza." Tukapitia Jumapili moja moja. Kila mahali nilipoandika sifuri ya uongo aliweka mstari mfupi: haikusomwa. Kila Jumatatu akaandika: siku mbili. Nilikuwa shahidi wa makosa yangu mwenyewe, kutoka chai ya asubuhi mpaka jioni, na yeye ananihoji kama hakimu.

"Hii Jumapili ya Pasaka?"

"Kanisani."

"Hii?"

"Harusi ya binti wa mchungaji."

"Na hizi? Hapa kuna Jumapili kumi na mbili zina namba za kweli. Nne, kumi na tisa, mbili. Hukuwa kwa kwaya?"

Ilinibidi nifikirie. Halafu nikakumbuka. Ilikuwa ile miezi niliyogombana na mchungaji juu ya kinanda kipya, nikasusia ibada, nikawa kila Jumapili niko kituoni nimenuna, nasoma kipimo saa tatu kamili na goti chini. Nekesa alicheka mpaka akaangusha kalamu. Akaziwekea alama ya kijani, data safi. Kwa hiyo mkiangalia kumbukumbu za mvua za kituo chetu, kazi yangu bora kabisa niliifanya nikiwa nimekasirikia kanisa.

Siku ya jopo nilikaa nyuma karibu na mlango, ili nitoke haraka. Alisimama pale mbele, akaeleza siku kavu, akaeleza Bungoma, akaonyesha ni wakati gani mtu wa Malakisi anaweza kupanda bila wasiwasi mwingi na wakati gani angoje. Alionyesha pia ukurasa wenye mistari mifupi. Mzee mmoja wa jopo akauliza kwa nini kuna mashimo mengi hivyo kwenye data ya Kitale. Nilishika kiti.

"Hayo si mashimo," Nekesa akasema. "Hapo ndipo tunajua hatujui. Mwanzo yalikuwa sifuri, ningehesabu siku zilizonyesha kama siku kavu, na mama yangu angengoja bure. Msomaji mwenyewe alituonyesha." Halafu akanionyesha kwa mkono, na watu wote wakageuka. Sikujua kama nisimame au nijifiche. Nikafanya vyote viwili, nikainuka nusu. Mtu mmoja akapiga makofi, nadhani hakuwa amesikia vizuri.

Siku ya kuniaga kazini, wengine hupewa blanketi au saa ya ukutani. Mimi nilipewa kipimo cha mvua. Walicheka sana, nami nikacheka, Wambui akacheka kuliko wote. Kiko hapa Naitiri tulikohamia, kwenye nyasi, mbali na mti kama inavyotakiwa. Nekesa bado anafanya kazi ile ile ya siku kavu, siku hizi ana wasomaji kutoka Kitale mpaka Malakisi, wengi wao wakulima, na mmoja ni mimi. Kila siku nampelekea namba kwa simu. Jumatatu hapokei ujumbe, ananipigia mwenyewe.

Ualimu wa kwaya niliuacha. Siku hizi naimba besi mstari wa nyuma, na huingia kanisani wimbo wa kwanza ukiwa umeshapita, magoti ya suruali yamelowa. Watoto wa shule ya Jumapili wanadhani ninaomba sana.

Basi hilo ndilo nililonalo la kuwapa. Mtakosea, hilo msiwe na shaka nalo, tena kwa ustadi kuliko mimi maana mmesoma. Mkikosea, andikeni mmekosea, siku hiyo hiyo, kwa kalamu ya risasi, na muwache ukurasa uonekane mbaya. Na mzee kama mimi akiwaambia jambo ambalo macho yenu yanakataa, mwulizeni mara ya pili. Akianza kuonyesha mbinguni kwa kidole, mwulizeni mara ya tatu.

Jumapili iliyopita nilikwenda kwenye nyasi na suti yangu ya kanisani. Saa tatu kamili. Nikapiga goti, nikamimina chupa kwenye gilasi. Haikutoka kitu. Niliigeuza tena, nikaipiga tako kidogo, nikangoja. Kavu kabisa. Niliandika nilichokiona.

Jumatatu simu ikalia.

"Mzee, habari ya asubuhi. Jana ilikuwa ngapi?"

"Sifuri," nikasema.

Nilikuwa nimeshajiandaa kueleza, kwamba niligeuza chupa mara mbili, kwamba Wambui alikuwa shahidi. Nikafungua mdomo.

"Sawa," akasema Nekesa. "Nimeandika."